Kuwahi dirisha la mkopo wa chuo: mwongozo kwa waombaji wa Mwanza na visiwani

Fomu ya mkopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, inajazwa kwa saa mbili, tatu ukienda taratibu. Kinachokula wiki nzima nzima ni vile vinavyotakiwa viwe tayari kabla hujakaa mbele ya kompyuta: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, mdhamini mwenye kitambulisho, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, sahihi ya wakili au hakimu. Kila kimoja kati ya hivyo kiko mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo hana haraka uliyonayo wewe. Kwa anayeishi Nyamagana au Ilemela hilo ni suala la daladala mbili. Kwa wa Ukara, Kome au vijiji vya ndani ya Buchosa, kosa moja la herufi linaweza kugharimu safari nzima ya kivuko na siku mbili za kulala mjini.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi jinsi inavyopaswa kufanyika, kuanzia kabla dirisha halijafunguliwa. Umeandikwa kwa kumlenga anayeomba shahada ya kwanza, lakini wa stashahada nao hatua nyingi ni hizi hizi. Bodi ilianza kukopesha wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, kwa programu za vipaumbele tu, kwa hiyo hakikisha kwanza kama programu yako imo.

Dirisha linavyokwenda

Bodi ya Mikopo hutangaza tarehe kila mwaka pamoja na mwongozo wa uombaji. Usitumie tarehe za kaka yako za mwaka juzi. Kwa mfano tu, dirisha la 2024/2025 lilifunguliwa Juni 1, 2024 na lilipangwa kufungwa Agosti 31, kisha likasogezwa hadi Septemba 14. Nyongeza ya namna hiyo imewaharibu wengi, kwa sababu mwaka unaofuata watu huipangia kana kwamba ni haki yao. Ichukulie kama haipo.

Kuna dhana moja mbaya inayozunguka sana: kwamba ni lazima usubiri matokeo ya kidato cha sita, au usubiri kwanza kupata chuo. Matokeo hutoka Julai. Mfumo wa maombi unakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo unayo tangu zamani. Aliyemaliza mtihani Mei ana nafasi ya kufanya karibu kila kitu kabla NECTA haijatangaza chochote. Anayesubiri matokeo anakutana na foleni mbili kwa mpigo, ya udahili na ya mkopo, na stationari zote za mjini zikiwa zimejaa.

Halafu kuna JKT. Kijana wa kidato cha sita aliyepangiwa mujibu wa sheria anaweza kujikuta Rwamkoma au Bulombora wakati dirisha liko wazi, na kambini si mahali pa kutegemea simu wala kutafuta mwenyekiti wa mtaa. Akiondoka nyumbani bila uhakiki wa RITA, mzazi ndiye atakayehangaika, tena bila neno la siri wala barua pepe ya mwanawe. Kwa hiyo kwa hawa, mwezi wa Mei ndio mwezi wa kazi. Vyeti vihakikiwe, nakala za kila kitu ziachwe kwa mtu mmoja anayeaminika, na barua pepe na neno lake la siri viandikwe kwenye karatasi inayobaki nyumbani.

Hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo

Chukua tarehe ya kufunga, tuseme Agosti 31. Siku kumi za mwisho zifute kabisa. Hapo mfumo unaelemewa, kumbukumbu namba ya malipo inachelewa kutoka, na simu za huduma kwa wateja hazishikiki. Lengo lako la kubonyeza kitufe cha mwisho liwe Agosti 20.

Ili utume Agosti 20, karatasi zenye sahihi na mihuri ziwe mkononi kufikia Agosti 12 hivi, ubaki na wiki moja ya kurekebisha. Ili zipatikane, fomu ichapwe mwishoni mwa Julai. Angalia kalenda hapo: Agosti 8 ni Nanenane, ofisi zimefungwa, na siku za jirani yake watumishi wengi huwa Nyamhongolo kwenye maonesho. (Hilo lina faida yake. Taasisi nyingi za serikali huweka mabanda pale, na swali ambalo ofisini lingekulaza foleni, bandani unajibiwa umesimama.) Ili fomu ichapwe mwishoni mwa Julai, uhakiki wa RITA uwe umerudi katikati ya Julai. Ili urudi katikati ya Julai, uwe umeombwa Mei au mwanzoni mwa Juni.

Hesabu hii inaonekana ya uoga. Lakini ukiipitia utaona hakuna siku hata moja iliyotengwa kwa ajili ya cheti chenye jina lililokosewa, na vyeti vyenye majina yaliyokosewa ni vingi.

Kwanza, majina na namba

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti au hati ya matokeo ya kidato cha nne, kitambulisho au namba ya NIDA, na kama yupo mzazi aliyefariki, cheti cha kifo. Soma majina herufi kwa herufi, kwa sauti, mwenzako akifuatisha karatasi nyingine.

Kwetu Kanda ya Ziwa matatizo yanajirudia. La kwanza ni king'ong'o: Ng'washi kwenye cheti cha kuzaliwa, Ngwashi kwenye cheti cha NECTA, Nghwashi kwenye NIDA. La pili ni mpangilio: shule iliandika jina la babu mwishoni, RITA ikaandika la ukoo. La tatu ni jina la ubatizo lililoongezwa shuleni ambalo halimo kwenye cheti cha kuzaliwa kabisa. La nne ni tarehe ya kuzaliwa iliyopunguzwa wakati wa kuandikishwa darasa la kwanza.

Tofauti ya herufi moja na tofauti ya jina zima hazitibiwi kwa dawa moja. Ya herufi mara nyingi inarekebishwa kwenye chombo kilichokosea: ofisi ya NIDA ya wilaya, au RITA kwa msajili wa wilaya. Ya jina zima itakupeleka kwa wakili kwa ajili ya kiapo au hati ya kubadili jina, na hati ya kubadili jina ina usajili wake. Kama unahitaji huo mlolongo wote, anza mwaka mmoja kabla, ukiwa kidato cha tano. Wazazi wenye watoto walioko kidato cha tano sasa hivi, hapa ndipo penu.

Namba ya mtihani ina mtego wake. Aliyefanya kidato cha nne mara mbili, akarudia kama mtahiniwa binafsi, ana namba mbili. Ile utakayotumia kuombea chuo lazima ndiyo hiyo hiyo utakayotumia kuombea mkopo. Ukiomba chuo kwa ile ya marudio na mkopo kwa ile ya kwanza, mifumo haikukutanishi: Bodi inaona mwombaji asiye na chuo, na chuo kinaona mwanafunzi asiye na mkopo. Wote wako sahihi na wewe huna fedha. Iandike namba yako na mwaka wake kwenye karatasi moja, uitumie hiyo kila mahali.

Angalia pia kama unastahili, usije ukapoteza ada. Mwombaji awe Mtanzania, asiwe amezidi miaka 35, awe anakwenda kusoma muda wote kwenye chuo kinachotambuliwa, asiwe na mfadhili mwingine wa gharama hizo, na awe amemaliza kidato cha sita au sifa linganishi ndani ya miaka mitano iliyopita. Aliyekaa nyumbani miaka sita anaondolewa hapo hata kama ufaulu wake ni wa juu.

RITA: hapa ndipo muda unapoliwa

Bodi haitaki nakala ya cheti tu, inataka cheti kilichohakikiwa, yaani RITA wathibitishe kwamba kipo kwenye kumbukumbu zao. Kwa aliyezaliwa Zanzibar kazi hiyo inafanywa na wakala wa usajili wa huko, ZCSRA.

Uhakiki unaombwa kwa mtandao kwenye mfumo wa RITA. Unafungua akaunti, unachagua huduma ya uhakiki wa cheti, unajaza taarifa kama zilivyo kwenye cheti, unapakia picha ya cheti iliyoskaniwa, unapata kumbukumbu namba na kulipa. Kila cheti ni ombi lake na ada yake: cha kuzaliwa peke yake, cha kifo cha baba peke yake, cha mama peke yake. Watu hulipia kimoja wakadhani vyote vimeingia.

Mambo matatu hukwamisha ombi. Skani mbaya ndiyo kubwa. Cheti kilichokunjwa mara nne na kukaa kwenye mfuko wa rambo miaka kumi na tano hakisomeki pale kwenye mkunjo, na mara nyingi mkunjo unapita juu ya namba ya ingizo. Kilaze juu ya meza karibu na dirisha asubuhi, kinyooshe kwa kitabu kizito usiku kucha kabla ya hapo, na piga skani ya kweli. Picha ya simu iliyopigwa ndani ya nyumba na kivuli cha mkono juu yake haitoshi.

La pili ni cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono, ambacho daftari lake liko wilaya nyingine. Familia nyingi za Mwanza mjini zilitokea Magu, Kwimba, Bunda au Geita, na mtoto alisajiliwa huko. Ukiona ombi limekaa muda mrefu bila majibu, nenda kwa msajili wa wilaya ilikotoka cheti. Huwa kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa Katibu Tawala. Nenda na cheti halisi.

La tatu ni cheti ambacho hakimo kwenye kumbukumbu. Kiliwahi kutengenezwa kwa njia ya mkato na mtu aliyelipwa, na mwenye cheti pengine hajui. Hapo hakuna kurekebisha, unaanza usajili upya kama mtu ambaye hajawahi kusajiliwa. Inauma, lakini kuigundua Mei kunakupa nafasi ya kwenda chuo na mkopo. Ukiigundua Agosti 25, mwaka huo umekwisha.

Majibu yakirudi, hifadhi namba ya uhakiki na chapa nakala. Namba hiyo utaijaza kwenye fomu ya mkopo.

Yatima, walemavu na wa TASAF

Upangaji wa mkopo unategemea uhitaji, na uhitaji unaonekana kwa nyaraka. Mwombaji aliyefiwa na baba lakini hana cheti cha kifo, kwa mfumo ana wazazi wawili hai.

Vijijini mtu akifariki nyumbani, familia hubaki na kibali cha mazishi basi. Kibali hicho si cheti cha kifo na hakikubaliki badala yake. Kifo kinapaswa kusajiliwa kwa msajili wa wilaya, kisha cheti kitoke, kisha kihakikiwe. Hatua tatu. Jina la marehemu kwenye cheti hicho lifanane na jina la mzazi kwenye cheti chako cha kuzaliwa, vinginevyo umethibitisha kifo cha mtu ambaye mfumo haumjui kama mzazi wako. Mzee aliyejulikana kijijini kwa jina la utani la ukoo, na likaandikwa hilo kwenye kibali, ndiye anayeleta shida hii mara kwa mara.

Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, anahitaji fomu ya kuthibitisha iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Hao ni watu wa vikao na ziara, piga simu ofisini kwao kwanza. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF itoe namba yake ya kaya kama ilivyo kwenye kumbukumbu za mpango. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili apate barua ya mfadhili huyo au shirika hilo, na barua hiyo iombwe kabla ofisi haijafunga kwa likizo.

Mdhamini

Mdhamini si lazima awe mtumishi wa serikali wala tajiri. Mzazi au mlezi anatosha, mradi ana kitambulisho kinachokubalika: cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Utahitaji nakala ya kitambulisho hicho, picha yake ndogo ya pasipoti, namba yake ya simu inayopatikana, na sahihi yake ya mkono.

Sahihi ndiyo inayosumbua mwambao. Kama mdhamini wako anavua dagaa, mtafute kipindi cha mbalamwezi, wakati kazi ya usiku imesimama na watu wako nyumbani. Ukimtafuta giza la mwezi utaambiwa yuko kambi nyingine, kisiwa kingine, atarudi akirudi. Kama hilo haliwezekani, chagua mdhamini mwingine aliye karibu kabla hujajaza jina kwenye mfumo, maana kubadilisha mdhamini baada ya fomu kuchapwa ni kuanza upya na karatasi.

Na mwambie ukweli: jina lake linawekwa kwenye mkataba wa deni. Shangazi anayeambiwa "saini tu hapa" ndiye anayekataa mbele ya wakili.

Kujaza fomu

Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa OLAMS, unaoingiwa kupitia tovuti ya Bodi. Ukiwa na simu ya kisasa na kifurushi unaweza kujaza mwenyewe, ingawa kupakia nyaraka ni rahisi zaidi kwenye kompyuta. Wengi watakwenda stationari, na hakuna ubaya, ila kaa pale pale kitini uangalie kioo.

Kijana wa stationari ana wateja kumi na watano wanaosubiri. Njia yake ya haraka ni kuweka barua pepe ya duka na namba yake ya simu ili ujumbe wa uthibitisho umfikie yeye, kisha neno la siri moja kwa wateja wote. Siku hiyo inakwenda vizuri. Septemba, Bodi inapotuma taarifa kwamba ombi lako lina kasoro, taarifa inakwenda kwenye simu ya kijana ambaye ameshahamia Geita. Fungua barua pepe yako mwenyewe siku moja kabla, tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na neno la siri liandike wewe kwa vidole vyako. Akisema itachelewesha, toka uende duka la pili, mjini hazikosekani.

Picha yako ndogo iwe ya karibuni, uso wote uonekane, mandhari ya rangi moja. Kwenye sehemu ya elimu jaza shule ulizosoma kama zilivyo, pamoja na za msingi. Nani alilipa ada ya sekondari na kiasi gani ni taarifa inayopimwa. Kudanganya kwamba ulisoma shule ya kata wakati namba yako ya mtihani inaonyesha shule ya binafsi hakukusaidii, namba inajieleza yenyewe.

Malipo

Ada ya maombi ni shilingi 30,000 na hairudishwi. Mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 ambayo mtaani wanaiita kontroo namba. Lipa benki, kwa wakala, au kwa simu: M-Pesa kwa *150*00#, Mixx kwa *150*01#, Airtel Money kwa *150*60#, kisha nenda kwenye malipo ya serikali. Usichague "tuma pesa". Anayekuambia umtumie 35,000 kwenye namba yake binafsi "akulipie" anakuuzia hewa au anakupunja elfu tano, na hakuna sababu ya kumvumilia.

Isome namba mara mbili kabla ya kuthibitisha na jina la mpokeaji linapotokea lihakiki. Hifadhi ujumbe wa malipo, usiufute hadi utakapokuwa darasani. Malipo yasipoonekana kwenye mfumo ndani ya siku moja, rudi na ule ujumbe. Usilipe mara ya pili.

Kuchapa, kusaini, kugonga mihuri

Hapa ndipo ombi linapofia. Mtu amejaza, amelipa, amechapa fomu, anaiweka kwenye bahasha kabatini, anasubiri majina. Miaka ya nyuma fomu zilitumwa kwa EMS na wazee wengi bado wanaamini hivyo. Siku hizi fomu iliyochapwa inasainiwa, kisha kurasa zenye sahihi zinaskaniwa na kupakiwa tena kwenye mfumo. Bila hatua hiyo ombi halijakamilika, hata kama umelipa.

Pitia fomu yote kabla ya kuipeleka popote. Kosa la jina likionekana, lirekebishe kwenye mfumo na uchape upya sasa, kabla ya muhuri wowote. Halafu nenda kwa mpangilio huu: wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na mwisho wakili au hakimu, kwa sababu huyo wa mwisho, kama kamishna wa viapo, anataka kuona kilichotangulia kimekamilika. Wengine watakutaka wewe na mdhamini mfike wote wawili msaini mbele yake. Ulizia hilo kwa simu kabla ya kumsafirisha mama kutoka Nansio, maana kivuko cha Nansio hadi Mwanza ni saa tatu hivi, na akikosa cha kurudi atalala mjini.

Kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, nenda asubuhi au jioni, ukiwa na balozi au mzazi anayekufahamu kama wewe mwenyewe ulikuwa bweni miaka sita. Mwenyekiti ana haki ya kukataa kumthibitisha mtu asiyemjua. Muhuri uwe wa mtaa au kijiji kile kile ulichojaza kwenye fomu kama makazi. Ukijaza Buhongwa ukagongewa Igoma kwa sababu mjomba anamjua mwenyekiti wa huko, umejitengenezea kasoro.

Mihuri ina tabia zake pia. Wino ukiwa mwingi unazima jina, ukiwa kidogo hausomeki ukiskaniwa. Omba mwenye muhuri ajaribu kwenye karatasi chakavu kwanza. Muhuri usipande juu ya sahihi hadi ukaifunika, na tarehe iandikwe. Skani kwa mashine, kurasa zikae wima, kingo zote nne zionekane, faili lisizidi ukubwa ambao mfumo umeutaja. Fungua faili usome mwenyewe kabla ya kulipakia. Ukurasa wa mwenzako kupakiwa kwenye ombi lako hutokea kila msimu kwenye maduka yenye msongamano.

Ukishapakia, bonyeza kuwasilisha na usubiri hadi hali ya ombi ibadilike. Piga picha ya kioo. Ingia tena kesho yake kwa neno lako la siri uone kama bado inasomeka hivyo hivyo.

Baada ya kutuma

Ingia kwenye akaunti yako angalau mara moja kwa wiki. Bodi ikikagua na kukuta kasoro hutoa muda wa kurekebisha, na muda huo ni mfupi. Mara nyingi kinachotakiwa ni kitu kidogo: ukurasa usiosomeka, sahihi ya mdhamini haipo, namba ya uhakiki imekosewa. Ukikwama kabisa, kuna ofisi ya kanda ya HESLB hapa Mwanza. Nenda na nyaraka zote halisi, stakabadhi ya malipo na namba ya mtihani, usiende na maelezo ya mdomo tu.

Upande wa udahili, ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwa simu au barua pepe, na fanya hivyo ndani ya muda. Mkopo unafuata chuo ulichothibitisha. Aliyechaguliwa SAUT na chuo cha Dar akakaa bila kuthibitisha popote, mkopo wake unabaki hewani.

Matokeo hutoka kwa awamu, na kila mwombaji anaona yake kwenye akaunti yake binafsi iitwayo SIPA. Kutokuwemo awamu ya kwanza si kukosa, hasa kama uthibitisho wako wa chuo ulichelewa. Ukipata, angalia mchanganuo: kuna fedha inayokwenda chuoni kama ada, na kuna ile inayokufikia wewe ya chakula na malazi, inayohesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepewa kiwango kamili. Hiyo ndiyo bumu. Haifiki siku ya kuripoti. Lazima usajiliwe chuoni, uwe na akaunti ya benki kwa jina lako, uchukuliwe alama za vidole kwa afisa mikopo, na usaini. Nenda na fedha ya wiki kadhaa mfukoni, pango la kwanza Malimbe, jirani na SAUT, halisubiri bumu.

Ukipewa kidogo au ukakosa kabisa, kuna dirisha la rufaa baada ya awamu kutangazwa, nalo lina tarehe zake. Rufaa inataka nyaraka mpya au zilizokosekana mwanzo, kama cheti cha kifo kilichotoka baadaye au uthibitisho wa ulemavu. Barua ya kueleza maisha magumu bila karatasi nyuma yake haibadilishi hesabu. Na rufaa ni ya aliyewasilisha ombi. Asiyewasilisha anasubiri dirisha la mwaka unaofuata, ambapo anaweza kuomba akiwa tayari mwaka wa pili, mradi amefaulu mitihani ya mwaka wa kwanza aliojilipia.